Mgeni akikuuliza huu mlima umetokea wapi: ya kwangu kwa mnaoanza kazi ya kuongoza wageni Moshi na Arusha

Madogo habari za mihangaiko. Naona msimu huu getini kuna sura mpya nyingi, wengine beji bado zinang'aa, na juzi nimekaa stendi pale Moshi nasubiri gari nikasikia wawili wanabishana Kilimanjaro ilitokeaje, mmoja anasema iliota, mwenzie anasema ni Mungu tu basi tusihoji. Mi sina ugomvi na Mungu, ila mgeni aliyelipa hela zote zile kuja kupanda mlima atakuuliza tu, tena atakuuliza mkiwa mnahema, na hilo jibu la "iliota" litakuumbua.

Mimi nilianza kama mgumu, nimebeba mizigo ya watu njia ya Marangu na Machame bila kujua hata nakanyaga nini, baadae nikawa msaidizi, alafu ndo nikaanza kuongoza wageni mwenyewe, mlimani na kwenye gari, saivi ni miaka 18 jumla. (Neno letu la kazi ukiliandika kwa matamshi ya Kiswahili linasomeka gaidi, kwa hiyo humu nitaandika muongoza wageni, tusije tukakamatwa bure.) Nataka niwaandikie kuhusu hiki kitu kwa sababu ndege na wanyama wote mnajifunza, majina ya miti mnakariri, lakini ardhi yenyewe mnayoisimamia mnaipita tu. Na mi niliipita, mpaka ikanichoma.

Ilikuwa hivi. Mwaka wangu wa pili kuongoza, tumesimama pale juu ya ukuta, ukitoka Mto wa Mbu unapanda kuelekea Karatu, pale magari yote yanaposimama watu wapige picha, ziwa Manyara lote liko chini linang'aa. Nina wageni wanne. Nikawaambia kwa kujiamini kabisa kwamba hilo bonde lilichimbwa na mto mkubwa zamani za kale, mto ukakauka, likabaki ziwa. Hayo nilisikia kwa dereva mmoja, naye sijui alisikia kwa nani. Sasa kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, ana kofia ya kufuma, siku nzima hajaongea. Akaniuliza taratibu tu, huo mto ulikuwa unatoka wapi na unaingia bahari gani? Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Kuna kimya kingine madogo unatamani hata tairi lipasuke mpate kitu cha kufanya.

Jioni kempu, tumeshakula, akaniita mezani. Kumbe amefundisha jografia sekondari huko kwao mpaka amestaafu. Hakunisema. Akachukua vitabu vitatu, akavisimamisha pamoja, akavibana kwa viganja viwili akavinyanyua juu, akasema angalia cha katikati. Akalegeza mikono kidogo kwenda nje, kile cha katikati kikaporomoka kama inchi mbili, vya pembeni vimebaki juu. Akaniambia hapo hakuna aliyechimba, ardhi imevutwa huku na huku, katikati pakashuka. Mimi swali la Bonde la Ufa nililijibu kwenye mtihani na nikapata, nilichora mpaka mishale, lakini kulielewa nimelielewa usiku ule na vile vitabu.

Asubuhi nikawa na ujasiri, nikamuuliza yule bibi, sasa mbona pale Manyara ukuta upo upande mmoja tu? Maana kweli ukisimama pale, uliposimama ni ukuta, ila ukitazama ng'ambo, mashariki, huko Makuyuni, hakuna ukuta, nchi inapanda taratibu tu. Akafurahi mno, nadhani alifurahi kuliko alipoona simba. Akanieleza kwamba sio lazima pande zote mbili zikatike, sehemu nyingine inakatika upande mmoja, kipande kinalala, mfano wa kitanda kilichovunjika miguu ya upande mmoja. Ukimwaga maji kwenye kitanda kama hicho yanakimbilia wapi? Kule kulikovunjika. Ndo maana ziwa Manyara limejibana chini ya ukuta, na Natron nayo hivo hivo ukuta uko magharibi yake. Ukitaka kuona bonde lenye kuta pande mbili kama kwenye picha za kitabu, nenda upande wa Kenya huko Naivasha.

Toka siku hiyo nina maswali mawili ambayo najiuliza kwa kila umbo nililo mbele yake: hapa nini kilipandisha, na nini kilishusha. Vijana wengi mnajua la kwanza tu. Mnasema volkano ililipuka mlima ukatokea, mnafunga mdomo. Lakini vitu karibu vyote wageni wanavyopiga picha huku kwetu, Ngorongoro, Meru ulivyobomoka, ukuta wa Manyara, korongo la Barranco kule Kilimanjaro, ni vitu vilivyoshuka, vilivyomeguka, vilivyodidimia. Kupanda ni nusu ya stori.

Haya, kwa nini ardhi inavutwa. Chini huko kuna joto jingi linasukuma kuja juu, ganda la dunia linavimba, linakuwa jembamba, linachanika. Upande wa mashariki kuna bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, ambalo linajitenga na Afrika iliyobaki, ni milimita chache tu kwa mwaka, kucha zako zinakua haraka kuliko hapo. Ukisema hivyo kila mgeni anaangalia kucha zake, haijawahi kuniangusha hiyo. Ufa wenyewe unaanzia Afar huko Ethiopia, unashuka Kenya, unaingia kwetu, na kuna mkono mwingine unapita magharibi ambako ndo kuna ziwa Tanganyika, kina chake kama mita 1,470, duniani kote linazidiwa na Baikal tu kwa kina. Mkono wetu huu wataalamu wanauita kwa jina la Gregory, mjiolojia wa Uingereza aliyefika upande wa Kenya mwaka 1893 akaandika kwamba hili bonde ni la kudidimia, sio la mto. Kwa hiyo mimi miaka zaidi ya mia baadae nimesimama pale nasema ni mto. Basi tu.

Ganda likishachanika, mawe yaliyoyeyuka kule chini yanapata njia ya kuja juu, hapo ndo milima yetu inapozaliwa. Ila angalieni, Kilimanjaro haiko ndani ya bonde, iko pembeni, mashariki yake. Kuna kijana nilimsikia anawaambia wageni "tuko katikati ya Bonde la Ufa" wamesimama geti la Marangu. Hapana.

Kilimanjaro ni milima mitatu iliyojazana sehemu moja. Wa kwanza kuanza ni Shira, kama miaka milioni 2 na nusu iliyopita, akatapika, akachoka, akabomoka, saivi amebaki tambarare ile mnayokatiza mkipita njia ya Lemosho, na ukingo wa magharibi. Wakafuata Mawenzi na Kibo, Kibo ndo kitinda mimba. Yule aliyeingia mwisho ndo mkubwa, mita 5,895, Mawenzi mita 5,149.

Mke wangu ni wa Kibosho, na bibi yake alinisimulia ile hadithi ambayo wengi mnaijua, kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake unazimika kila siku, anaenda kwa Kibo kuomba kaa, leo kaa kesho kaa, mwisho Kibo akachoka akamchapa kwa mchi mpaka akabaki mapengo mapengo vile. Isimulieni, wageni wanaipenda, tena isimulieni pale kwenye nyanda kati ya vilele viwili ambapo wote wawili wanaonekana. Ila msiishie hapo. Mwambie mgeni kwamba huyo bibi hakukosea sana, moto wa Mawenzi kweli ulizimika mapema, na mlima ambao hautapiki tena hauna wa kuuziba majeraha, mvua inakula, barafu inakula, upepo unakula. Zile kuta nyembamba zilizosimama kama meno ni mawe magumu yaliyogandia ndani ya nyufa, yale malaini yaliyozizunguka yameshaondoka. Yaani unaona mifupa. Kibo yeye alirudia kujipaka lava mpya mara nyingi kwa hiyo ndo ana umbo la kuba.

Sasa inama kidogo. Ukiwa juu kwenye mawe ya Kibo, angalia jiwe jeusi lenye vipande vyeupe vilivyokaa kama kashata, zile zinazokatwa pembe nne za mshazari. Nimewahi kupita juu ya hayo mawe nimebeba mtungi wa gesi miezi na miezi sikuyaona. Hizo kashata ni madini yaliyoganda pole pole kule chini kabla hayajatoka, yalipata muda wa kunenepa, alafu uji wote ukarushwa nje, ule uliobaki ukaganda haraka haraka ndo ukawa ile nyeusi laini isiyo na punje. Kwa hiyo jiwe moja limeganda mara mbili, kwanza taratibu, alafu haraka. Na ukikuta jiwe lina matundu matundu kama kitumbua, hiyo ni gesi ilikuwa inatoka jiwe likiwa bado uji. Nikimpa mgeni hayo mambo mawili tu anaanza kutembea ameinamisha kichwa anatafuta kashata, na hapo nimepata faida nyingine, anatembea pole pole bila mimi kupiga kelele.

Angalizo hapo, mawe ya hifadhini hayabebwi, hata kijiwe. Mi mawe yangu ya kufundishia nimeyaokota kule wanakochimba moramu, vile vilima vidogo vyekundu vilivyotapakaa huku kwetu ambavyo watu wanavichimbua kujaza barabara na kufyatulia tofali. Kila kilima kile ni volkano ndogo. Wewe umekulia unakichota kwa koleo unakiita kifusi.

Barranco msiseme mto umechimba. Ubavu wa Kibo ulimeguka ukaporomoka, ndo likabaki lile korongo na ule ukuta mnaopandisha wageni asubuhi kwa mikono na miguu, alafu barafu na maji vikaendelea kulichonga. Zebra Rocks juu ya kambi ya Horombo ni lava nyeusi ambayo maji yanachuruzika toka juu yakibeba chumvi chumvi za madini, yakikauka yanaacha michirizi myeupe, basi, hamna la zaidi, ila kila mtu anadanganya hapo.

Ngorongoro. Hapa kuna uongo wa kimondo. Nimewasikia zaidi ya wanne wakisema kiliangukia pale kimondo. Hapana madogo, pale palikuwa na mlima, mkubwa, wengine wanakadiria ulikuwa unakaribiana na Kilimanjaro kwa urefu, ukatapika kiasi kwamba lile ghala la chini lililokuwa linaushikilia likabaki tupu. Ukitoa nguzo zote ndani ya nyumba paa linakaa wapi? Paa likakaa chini, miaka zaidi ya milioni 2 iliyopita, ndo unaona shimo la kilomita za mraba kama 260, kuta mita 600 hivi kwenda chini, na kuta zimezunguka pande zote hazijakatika. Kwa hiyo ukishuka na gari unashukia juu ya paa. Nikilisema hilo garini huwa kunakuwa kimya kizuri, sio kile cha kwangu. Olmoti na Empakaai nao ni hivyo hivyo, wadogo zake.

Lakini mimi mlima wangu ni Meru. Nisamehewe, nimezaliwa Maji ya Chai, kila asubuhi ukifungua mlango umekutazama. Watu wanaupanda kama mazoezi ya kujiandaa na Kilimanjaro, wakati kwa mtu anayetaka kuelewa ardhi hakuna darasa kama lile. Ukiutazama kutoka mashariki, huko Momella, unaona umefunguka kama kiatu cha farasi, upande mzima haupo. Uko wapi? Umeukanyaga, bwana. Miaka kama 8,000 hivi iliyopita, ambayo kwa hesabu za milima ni jana jioni, ule ubavu wa mashariki uliachia ukaporomoka, mawe na udongo na maji vikakimbia kushuka tambarare mpaka kuelekea miguuni mwa Kilimanjaro. Vile vilima vilima ambavyo havina mpangilio ukiingia Momella ni mabonge ya mlima wenyewe, na vile viziwa vya Momella ni maji yaliyotuama kwenye mabonde kati ya mabonge. Mi huwa nasimamisha gari pale, nawaambia wageni washuke, watazame kwanza lile pengo juu, alafu watazame kilima walichosimama. Simsemeshi mtu. Nasubiri mwenyewe ajumlishe. Kuna baba mmoja aliruka kabisa toka kwenye kilima kama kimemuunguza.

Na baada ya kubomoka mlima haukufa, ndani ya lile pengo ukaanza kujijengea mwingine mdogo, ile koni ya majivu mnayoiona chini mkiwa ukingoni usiku mnapandisha kileleni, mara ya mwisho Meru kutoa majivu ni 1910. Mtu ana bibi aliyezaliwa karibu na hapo.

Volkano ya Lengai ndo kichaa wa ukoo. Julai 2007 waliokuwepo Arusha wanakumbuka, matetemeko siku kadhaa mfululizo, vyombo vinalia kabatini, watu wanalala nje, mpaka Nairobi walitikisika. Baadae mwaka huo huo Lengai ikalipuka ikarusha majivu mpaka 2008. Lakini ajabu yake sio kulipuka, ni lava yake. Volkano nyingi lava inatoka na joto nyuzi 1,000 na zaidi, ya Lengai ni kama nyuzi 500 mpaka 600, nyeusi, inatiririka kama oili chafu ya gari, na ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Mgeni anaona kilele cheupe kwa mbali anauliza ile theluji? Sio theluji. Ile lava imejaa magadi. Kabisa, jamii ile ile ya magadi mama anayoweka kwenye makande yalainike, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Moja ya madini yake linaitwa nyerereiti, limepewa jina la Mwalimu, na lingine la yule Gregory. Mi hubeba kifuko cha magadi kwenye begi, nalambisha mtu kidogo. Wengine wanakataa, hiyari yao.

Sasa la tanzanaiti, hili linatuaibisha. Watu wanawaambia wageni kwamba tanzanaiti ilipikwa na moto wa Kilimanjaro, kwa sababu Mirerani inakochimbwa iko pale jirani na uwanja wa ndege wa KIA na mlima unaonekana. Piga hesabu tu. Kilimanjaro imeanza miaka milioni 2 na nusu, tanzanaiti ina miaka kama milioni 585. Mtoto hawezi kumzaa babu yake. Yale ni mawe ya kale sana, yaliyobanwa na kupikwa chini sana wakati mabara yanagongana, huko ambako hata dinosaria hajazaliwa. Na mawe ya ukoo huo ndo yamejenga Pare na Usambara. Ukitoka Moshi kwenda Same, tazama ile milima kushoto kwako, haina shimo juu, haina koni, imesimama kama kabati lililosukumwa ukutani, kwa sababu ni bonge la ganda la dunia lililobaki juu wakati pembeni pamekatika pakashuka. Vitabu vya yule bibi mwalimu tena, ila safari hii unaangalia vya pembeni. Volkano hapo hamna kabisa.

Milima ya kujikunja, kama Himalaya, hatuna huku, ila mgeni aliyetokea Nepal atawaringishia nayo. Kule Uhindi imeigonga Asia toka miaka kama milioni 50 iliyopita na bado inasukuma, ganda likakunjika kama mkeka unaosukumwa ukutani, ndo maana juu ya Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Kwao ni kusukumana, kwetu ni kuachana. Hiyo inatosha, endelea na safari.

Kuhusu makorongo ya kawaida, yale ya maji, siwezi kuwafundisha mtu wa mlimani kwa sababu mmeyaishi. Mke wangu kwao na kwa shangazi yake ni kupiga kelele tu mnasikilizana, ila kuna korongo katikati, kwa hiyo kwenda kula sikukuu kwa shangazi kwa gari ni kushuka mpaka huku chini kwenye lami, unaenda mbele kidogo, alafu unapanda upya kwenye mgongo mwingine. Mlima wa duara maji yanashuka kila upande kama mbavu za mwamvuli, kila mto umechimba njia yake kwenda chini, na watu wamekaa juu ya migongo. Mifongo ya wazee, ile mifereji ya maji, nayo imefuata hiyo hiyo, maji yanatekwa juu huko korongoni yanaletwa pole pole mgongoni mpaka kwenye migomba. Ukipanda zaidi, juu ya msitu, utaona mabonde yamebadilika sura, yamekuwa mapana yenye kitako, sio tena ile V, na kuna matuta ya mawe na kokoto yamelala bila sababu. Hapo palipita barafu, zamani ilipokuwa inashuka chini kuliko saivi. Saivi mnajua wenyewe, toka 1912 imeshaondoka zaidi ya asilimia 80, mi mwenyewe kuna kona nilizopiga picha na barafu nikiwa mgumu leo ni kifusi.

Mambo madogo madogo ya kazi. Usianze kueleza haya ukiwa umepita Kibo Hut usiku wa kileleni, mtu hana pumzi na anakuchukia. Eleza Horombo siku ya mapumziko, au chakula cha jioni, tumia vilivyopo mezani. Namba usirundike, mbili tatu tu. Ukisema miaka milioni weka "kama", maana wapimaji wenyewe wanatofautiana, na kuna siku utakutana na mpimaji. Usipojua sema sijui nitakuangalizia, na kweli kaangalie, mgeni anasamehe sijui, hasamehi mto uliokauka. Na usimkatize muongoza wageni mwenzio mbele ya wageni hata akitaja kimondo, mvute pembeni jioni. Mi niliwahi kumkatiza mmoja, mkubwa kwangu kikazi, msimu mzima hakunipangia safari, na kwa kweli nilistahili.

Wataulizia kama Kilimanjaro italipuka. Jibu kwa utulivu, Kibo amelala hajafa, ndani ya kreta ya Reusch, lile shimo la kule juu, bado kunatoka gesi yenye harufu ya salfa, lakini mlipuko mkubwa ni wa zamani sana, miaka laki na ushee, na hakuna dalili ya kuamka. Usimtishe mtu ili apige picha nyingi.

Alafu kuna swali ambalo hawaulizi kwa adabu zao ila naona macho yanakimbilia mdomoni kwangu. Meno yangu ni ya kahawia, kama wengi tuliokulia huku. Shule ya msingi kuna mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akasema huyu hapigi mswaki, nilikaa miaka nacheka nimefunika mdomo. Kumbe ni Meru. Mawe na majivu yake yana floraidi nyingi, maji ya chemchemi na mito yanaipitia yanaibeba, mtoto anayekunywa hayo maji wakati meno ya utu uzima yanajitengeneza ndo yanatoka na hii rangi, huwezi kuisugua ikatoka. Kwa hiyo siku hizi nikimaliza kueleza Momella nacheka mdomo wazi nawaambia na hii nayo ni volkano. Na nyie mnaopanga vyumba upande huu, hasa mlio na watoto wadogo, kingeni maji ya mvua, bati lipo, ya kunywa na kupikia mtumie hayo.